UZI: Ati vijana wamekataa kilimo? Historia ya digrii ya kilimo hapa Kenya

Kila msimu wa kampeni hii lazima ije. Mtu anashika maikrofoni anasema vijana wa siku hizi wamekataa jembe, wanataka ofisi na kiti cha kuzunguka. Mwenzake anajibu kwamba shida ni vyuo vikuu, vinatoa wataalamu wa makaratasi wasiojua mbolea ya kupandia na ya kukuzia ni ipi. Umati unapigia makofi wote wawili.

Mimi nilisomea kilimo chuo kikuu, kwa hivyo naomba dakika zenu chache. Sitataja chama wala mwanasiasa. Haina haja, kwa sababu mjadala huu ni wa zamani kuliko kila jina litakalokuwa kwenye karatasi ya kura.

Tuanze mwaka 1924. Tume ya Phelps-Stokes, iliyotoka Marekani, ilizunguka Afrika Mashariki ikiangalia elimu ya Waafrika. Pendekezo lake kuu, ukiondoa lugha ya heshima, lilikuwa kwamba elimu ya Mwafrika ilenge maisha ya kijijini: kilimo, usafi, ufundi wa mikono. Mwaka uliofuata Jeanes School ikafunguliwa Kabete kufundisha walimu wa kupeleka mambo hayo vijijini. Miaka hiyo hiyo ya 1920 Bukura, kule Kakamega, ikaanza kufundisha Waafrika kilimo.

Kwa karatasi inasikika poa. Nani anaweza kupinga kilimo? Lakini wazazi walielewa haraka. Mtoto wa mlowezi alikuwa anaandaliwa kuwa wakili, daktari, mwenye shamba. Mtoto wao alikuwa anaandaliwa kuwa kibarua mwenye nidhamu. Na kulima mtoto alijua tayari, alifundishwa na mamake. Ndio maana shule huru zilizochipuka Mkoa wa Kati miaka ya 1930 zilidai Kiingereza na masomo ya vitabu. Mzee aliyekataa mwanawe apelekwe shule ya jembe hakuwa anadharau udongo. Alikuwa amesoma mchezo.

Sasa weka hapo kando, twende Njoro, mwaka 1939. Lord Maurice Egerton, Mwingereza tajiri aliyehamia huku miaka ya 1920, anatoa ekari 740 na kuanzisha Egerton Farm School. Lengo lilikuwa moja: kuandaa vijana wa Kizungu kuwa wakulima wa Kenya. Hapo kilimo kilikuwa taaluma ya mabwana. Unasoma, unapata ardhi, unapata mkopo, unapata reli ya kubeba mazao yako, na unapata kituo cha utafiti jirani. Kituo cha kuzalisha mbegu za ngano kilikuwa pale pale Njoro tangu 1927.

Kwa hivyo somo lilikuwa moja, nchi moja, na maana mbili. Kwa mmoja kilimo kilikuwa mlango wa kuingia katika mali, kwa mwingine kilikuwa ukuta wa kumzuia asitoke. Ukiwahi kujiuliza kwa nini shuleni mwanafunzi akichelewa anapewa jembe kama adhabu, hapo pana sehemu ya jibu.

Na usisahau sheria. Mwafrika wa kawaida hakuruhusiwa kupanda kahawa. Ruhusa ndogo ilianza kutolewa miaka ya 1930, kwa mashamba machache ya majaribio Meru, Embu na Kisii. Mtaalamu wa kilimo wa serikali ndiye alikuwa msimamizi wa hiyo "ruhusa". Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mtaalamu huyo huyo akaja na kampeni ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Sayansi yake ilikuwa sawa kabisa, matuta yanahifadhi udongo, hata leo nitakuambia uchimbe. Lakini yalichimbwa kwa lazima, chini ya chifu, na wengi wa wachimbaji walikuwa wanawake. Mwaka 1947 na 1948 Murang'a wakagoma. Wanawake wakasema hawachimbi tena.

Hapo ndipo afisa wa kilimo aliingia kwenye kumbukumbu ya watu wetu: mtu anayekuja na askari.

Halafu 1954, katikati ya Hali ya Hatari, ukaja Mpango wa Swynnerton. Roger Swynnerton alikuwa afisa wa idara ya kilimo. Mpango wake ulipewa takriban pauni milioni 5, na ulikuwa na mambo matatu makubwa: kuunganisha vipande vya ardhi na kutoa hatimiliki, kuruhusu Waafrika mazao ya biashara kama kahawa, chai na pareto, na kuongeza maafisa wa kuwafundisha. Ulikuwa mpango wa kisiasa pia, msidanganywe. Serikali ya kikoloni ilitaka tabaka la wakulima wenye mali ambao hawangetaka vurugu, na ardhi iligawanywa upya wakati maelfu ya watu walikuwa vizuizini. Migogoro mingine ya ardhi tunayosikia kortini mpaka leo ina mizizi hapo.

Lakini kwa stori yetu jambo kubwa ni hili: kwa mara ya kwanza nchi ilihitaji Waafrika wengi waliosomea kilimo kwa kina. Egerton, ambacho sasa kilikuwa chuo cha diploma, kikafungulia milango watu wa rangi zote mwishoni mwa miaka ya 1950. Digrii yenyewe bado ulikuwa unaifuata Makerere. Katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kazi ziligawanywa: Kampala walipata udaktari na kilimo, Dar es Salaam sheria, Nairobi uhandisi na udaktari wa mifugo. Ni mwaka 1970, Nairobi ilipokuwa chuo kikuu kamili, ndipo Kitivo cha Kilimo kilianzishwa Upper Kabete. Yaani nchi inayojiita ya wakulima ilikaa miaka saba ya uhuru bila digrii yake ya kilimo.

Sasa tufike kwa miaka ambayo wazee wetu wanaisifu. Na kwa sehemu wana haki.

Mwaka 1964 watafiti wa Kitale walitoa mbegu ya mahindi ya haibridi iliyoitwa H611. Walichukua mahindi yaliyozoea Kitale wakayachanganya na aina iliyotoka Ecuador, huko Amerika Kusini. Mavuno yalipanda, na wakulima wadogo wakaikubali kwa kasi ambayo wasomi wa uchumi waliiandikia vitabu. Lakini mbegu haikutembea yenyewe. Kulikuwa na kampuni ya mbegu hapo hapo Kitale tangu 1956, kulikuwa na vituo vya mafunzo ya wakulima, kulikuwa na 4K Club shuleni (Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, tangu 1962), na kulikuwa na afisa wa nyanjani anayekuja na pikipiki, anapanda shamba la mfano kando ya barabara ili kila mtu aone. Chai ya wakulima wadogo ilikua vivyo hivyo, kwa mamlaka iliyoundwa 1964 na maafisa waliomjua mkulima kwa jina.

Nikisema wana haki kwa sehemu, nina maana. Mfumo huo haukuwatembelea wote. Kathleen Staudt, mtafiti Mmarekani, alichunguza Kakamega miaka ya 1970 akakuta mashamba yanayoendeshwa na wanawake yalipata huduma ndogo kuliko yale yenye mwanamume, hata pale ambapo wanawake hao walikuwa wakulima hodari. Afisa mwanamume alikuwa anatafuta "mwenye boma". Kwa hivyo ukisikia mtu jukwaani akisema turudishe siku zile, muulize za nani. Nyanya yangu mzaa mama alilima maisha yake yote, na sijawahi kusikia akitaja afisa hata mmoja.

Basi, digrii ya kilimo ya miaka ya 70 na 80 ilikuwa na mteja mmoja mkubwa: serikali. Ulimaliza Kabete au Egerton, barua ya kazi inakufuata. Wizara, shirika la utafiti la KARI lililoanzishwa 1979, bodi za mazao, au kufundisha. Silabasi nzima ilijengwa kwa mtu huyo, mtumishi wa umma atakayebeba maarifa kutoka maabara mpaka shambani. Vyuo vikapanuliwa kwa hesabu hiyo. JKUAT ikaanza 1981 kama chuo cha kilimo na teknolojia kwa msaada wa Japani, Egerton ikawa chuo kikuu 1987. Mfumo wa 8-4-4 ukaingia 1985 na msisitizo wa masomo ya mikono, kilimo kikiwemo.

Halafu mteja akaondoka.

Hapa ndipo watu wa jukwaani huruka, kwa sababu hakuna mtu mmoja wa kulaumu. Miaka ya 1980 Benki ya Dunia ilifadhili mfumo wa ugani uliotaka afisa afunzwe kila baada ya muda maalum, kisha atembelee wakulima kwa ratiba. Ulikuwa mfumo ghali, na tathmini ya Benki yenyewe iliyotoka 2000 ilikuta matokeo hafifu ukilinganisha na pesa zilizotumika. Wakati huo huo, masharti ya marekebisho ya uchumi yalitaka serikali ipunguze wafanyakazi. Kuanzia mapema miaka ya 1990 kuajiri kukasimamishwa, watu wakahimizwa kustaafu mapema, na soko la mahindi likafunguliwa. Aliyestaafu hakuzibwa pengo. Pikipiki ikabaki, petroli ikaisha.

Na vyuo je? Vyuo viliendelea kufundisha yule yule mtumishi wa umma ambaye hakuna mtu alikuwa anamwajiri. Mbaya zaidi, mwishoni mwa miaka ya 90 kulipokuja masomo ya kujilipia, kozi zikaongezeka huku mashamba ya mafunzo yakibaki vile vile. Unaweza kufungua darasa la watu 200 kwa kununua viti, lakini hauwezi kununua ng'ombe wa kufundishia, maabara ya udongo na ekari za majaribio kwa bei hiyo. Kwa hivyo yule anayesema wahitimu ni wa makaratasi ana hoja, sitamnyima. Ila hoja yake inaanzia kwenye bajeti kabla ya kumfikia mwanafunzi.

Nimeyaona mwenyewe. Nilipoenda atachimenti nilipelekwa ofisi moja ya kilimo, siitaji. Ilikuwa na maafisa wanne, watatu kati yao wamebakisha miaka michache wastaafu, na gari lililokuwa juu ya mawe. Wakulima walikuja wenyewe wakiwa na majani yaliyokauka kwenye mifuko ya plastiki. Afisa mmoja mzee alikuwa anaangalia jani, ananuka udongo, anauliza mvua ilinyesha lini, na mara nyingi alikuwa sawa. Nilijifunza mengi kwake kuliko muhula mzima wa nadharia. Lakini kuna maswali alisema wazi: hili linahitaji maabara, na maabara iko mbali na inataka pesa. Mkulima anakunja mfuko wake anaenda. Njiani anapitia agrovet, anauziwa chochote kilicho kwenye rafu.

Sasa mniruhusu kidogo nieleze digrii hii hufundisha nini, kwa sababu watu wengi hudhani ni kulima kwa miaka minne. Shangazi yangu aliposikia nimeitwa kusomea kilimo aliniuliza, "Kwani alama zilipungua wapi?"

Chukua mbolea ya ruzuku, maana hiyo ndiyo kelele ya kila mwaka. Mjadala wote huwa bei ya gunia. Sawa, bei ni muhimu. Lakini sehemu nyingi za North Rift na Magharibi udongo una asidi. Udongo ukishuka chini ya pH 5.5 hivi, fosforasi unayoweka inashikwa na madini ya aluminiamu na chuma, mmea hauipati. Na mbolea ya DAP, ile tuliyozoea kupandia, ina amonia ambayo ikibadilika ndani ya udongo inaongeza asidi. Yaani mtu anaweza kupanga foleni siku mbili, anunue mbolea kwa bei nafuu, aiweke, na nyingi isimsaidie, huku akiongeza tatizo la msimu ujao. Dawa yake mara nyingi ni chokaa ya shambani, na kipimo chake kinategemea udongo wa shamba hilo, si la jirani. Nani wa kupima na kueleza? Huyo ndiye mhitimu mnayemwambia arudi akashike jembe.

Ama chukua ule ugonjwa wa mahindi uliotokea Bomet mwaka 2011, MLN. Majani yanageuka manjano, mmea unakauka kutoka juu, gunzi halijai. Ni virusi viwili vikikutana kwenye mmea mmoja. Hauna dawa ya kunyunyizia ikauponya. Ushauri ulikuwa wa kisayansi na mchungu: acha mahindi msimu mmoja au zaidi, panda maharagwe au viazi, ng'oa mimea iliyougua. Jaribu kumwambia mkulima wa Bomet asipande mahindi kupitia tangazo la redio. Anataka mtu amketi naye, amweleze, na arudi wiki ijayo kujibu maswali ya bibi yake. Miaka sita baadaye, 2017, viwavijeshi vya aina mpya kutoka Amerika vikaingia nchini, na mchezo ukawa ule ule: wataalamu walivijua, mkulima alijua ameumia, na katikati hapakuwa na mtu.

Na si kwamba sayansi yetu ni duni. Njoro hiyo hiyo ya 1927 ndiyo ilikuja kuwa uwanja wa dunia wa kupima ngano dhidi ya kutu ya Ug99, ugonjwa uliogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 90. Nchi nyingi zinatuma mbegu zao Njoro zijaribiwe. Ajabu ni kwamba mkulima wa kilomita chache kutoka hapo anaweza kumaliza mwaka bila kumwona mtaalamu.

Baada ya katiba ya 2010, kilimo kiligatuliwa. Jedwali la Nne liliipa kaunti kilimo cha mazao na ufugaji, serikali kuu ikabaki na sera. Kuanzia 2013 afisa wa nyanjani ni mfanyakazi wa kaunti. Wazo halikuwa baya: karibu na mkulima, karibu na uwajibikaji. Kilichotokea ni kwamba kaunti zilirithi maafisa waliozeeka, mishahara yao, na ofisi bila gari. Mwakilishi wadi akichagua kati ya barabara ya murram inayoonekana na afisa wa udongo asiyeonekana, tunajua anachagua nini. Kiwango kinachotajwa sana ni afisa 1 kwa wakulima 400. Takwimu rasmi zimekuwa zikitaja afisa 1 kwa zaidi ya 1,000. Na tangu Azimio la Maputo la 2003 nchi za Afrika, sisi tukiwemo, ziliahidi kilimo asilimia 10 ya bajeti. Hatujafika.

Siku hizi kuna vijana wanaosajiliwa kusaidia wakulima kama wajasiriamali, wanalipwa kwa huduma na mauzo. Sipingi, wengine wanafanya kazi nzuri. Lakini mtu anayeishi kwa kuuza pembejeo ana shida kukuambia msimu huu usinunue kitu.

Turudi kwa ile kauli ya "waende wakalime". Mhitimu wa miaka 23 alime wapi? Mlowezi wa Njoro alimaliza masomo akakuta ardhi na mkopo vinamngoja. Huyu anamaliza akiwa na deni la HELB na nusu ekari ya familia ambayo haijagawanywa na ina warithi saba. Akikodisha, mwenye shamba anaweza kumtoa baada ya msimu mmoja, sasa chokaa ya kurekebisha udongo kwa miaka mitatu ataiwekea nani? Halafu tumeshangaa anauza mitumba.

Wale mtakaohudhuria vikao vya bajeti ya kaunti mwaka huu, fungueni ukurasa wa idara ya kilimo na mtenganishe mistari mitatu: mishahara ya maafisa wa nyanjani, mafuta na usafiri wao, na "miradi". Kaunti yangu niliuliza maafisa wa nyanjani ni wangapi na wangapi watastaafu ndani ya miaka mitano. Nilipewa fomu nijaze, na bado nangoja. Yako je? Kama umewahi kupata hiyo namba, iandike hapo chini pamoja na jina la kaunti.